Wazazi wa PP1 wanasema watoto "wanacheza tu": niwaonyeshe nini kwenye kikao?

Mwalimu_Langoni (Lamu)
Assalaam alaykum. PP1 yetu (mwaka wa kwanza wa chekechea) ina watoto 28 na walimu wawili. Mtoto huchagua kazi mwenyewe: kona sita za vifaa, karibu saa nzima kila asubuhi. Muhula wa kwanza unakwisha na wazazi wanataka kuona daftari. Wanasema mtoto wa jirani, naye ana miaka 4, ashaandika a mpaka z na anahesabu hadi 100. Wa kwao akiulizwa amesoma nini hujibu "tumecheza". Kikao ni wiki mbili zijazo. Nataka waelewe kinachofanyika darasani, na mtoto aliye tayari kwa Gredi ya 1 huwaje. Hotuba nimeiandika mara mbili na inanichosha hata mimi. Nianzie wapi?

Mkufunzi_Pwani
Wa alaykum salaam, mwalimu. Hotuba iweke kando. Mzazi akae jamvini afanye kazi ile ile ya mtoto, maelezo yafuate. Kona nne zatosha, dakika nane kila moja, na kila kona iwe na swali moja tu: "Umetumia nini hapa, jicho, mkono, hesabu au maneno?" Wakishapita zote ndipo nawe useme, dakika kumi, zisizidi.

Hesabu ndiyo itakayowashika. Kuimba moja hadi mia ni kumbukumbu ya sauti, kama kushika kasida. Kuhesabu kuna hatua zake: mtoto aguse kokoto moja kwa kila namba bila kuruka wala kurudia, ajue kuwa namba ya mwisho aliyotaja ndiyo jumla, na ukimwambia "nipe nne", atoe nne na asimame. Anayeimba hadi mia akiombwa nne huweza kukujazia kiganja. Usimpime mtoto mbele ya wazazi wa wenzake, ni kumwaibisha yeye na mamake. Mpe kila mzazi kokoto kumi aende nazo nyumbani, ajaribu "nipe mbili", "nipe tano", na asikosoe. Atarudi na maswali mazuri kuliko uliyotarajia.

Na hili swali la "umesoma nini?" libadilisheni. Mtoto wa miaka 4 kwake kusoma ni kitabu, basi anajibu kweli. Wazazi waulize: "Leo ulijenga nini? Na nani? Kilianguka? Mkafanyaje?"

Wakikwambia huu ni mtindo wa kigeni, wakumbushe kuwa programu ya Madrasa ya Aga Khan Foundation, ya kujifunza kwa vitendo na vifaa vya hapa hapa, ilianzia Mombasa miaka ya 1980 kabla ya kufika Zanzibar na Uganda.

Gredi1_Malindi
Naongezea upande wa Gredi ya 1. Mtoto anayefika na miaka 6 hajui herufi zote hatusumbui sana; Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, herufi atazipata. Anayetuchelewesha ni yule asiyeweza kwenda choo peke yake, kufungua mkebe wake wa chakula, kungoja zamu, kufuata agizo la hatua mbili ("weka kitabu, kisha njoo na chaki"), au kusema "sijaelewa". Hayo waandikieni wazazi kwenye karatasi moja. Yote ni ya kufanyiwa mazoezi nyumbani na hayagharimu kitu. Na mtoto anayekuuliza "eh?" kila mara apelekwe kupimwa masikio kabla hajaitwa mtundu.

Kuhusu daftari. Mkono hukomaa kutoka begani kushuka vidoleni, na mifupa midogo ya kifundo cha mkono wa mtoto wa miaka 4 bado mingi ni gegedu, haijawa mfupa mgumu. Ukimpa penseli na mistari myembamba mapema, hushika kwa ngumi, hukandamiza hadi karatasi ikatoboka, na ushikaji ule ukishakuwa tabia ni kazi kuuvunja. Kabla ya penseli: aandike kwa kidole mchangani, apake maji ukutani kwa brashi pana (ukuta uliosimama hufunza kifundo cha mkono kuinama nyuma, inavyotakiwa kwenye uandishi), abane vibanio vya nguo, atunge shanga, ajaribu kusuka ukili mpana wa chane tatu. Penseli ikija, au chaki, au krayoni, ivunjeni iwe kipande cha sentimita 3 hivi. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi. Hila ndogo, lakini inafanya kazi kuliko kumwambia "shika vizuri" mara mia.

Silabi_na_Sauti
Lugha mmeipita haraka. Kwenye kikao fanyeni mchezo wa makofi: sa-ma-ki, makofi matatu. Na-zi, mawili. M-na-zi? Watu wazima wengi watapiga mawili, mtoto aliyezoeshwa atapiga matatu, maana hiyo m ni silabi kamili. Anayesikia vipande vya neno hivyo atasoma ba-be-bi kwa kuelewa. Asiyesikia ataikariri kama picha na kukwama akikutana na neno jipya. Vitendawili navyo ni somo, msiviache kwa bibi peke yake.

Mtoto wa Lamu akisema "mato" na "ndia" hajakosea, ni Kiamu. Mpokee, kisha mpe "macho" na "njia" kama maneno ya pili. Mtaala wenyewe unataka lugha ya eneo itumike katika miaka hii. Ukimkosoa kila neno atanyamaza, na mtoto aliyenyamaza hujui anajua nini.

Kuna jambo la chuoni (madrasa ya Kurani) pia. Asubuhi herufi zinakwenda kushoto kuelekea kulia, alasiri kulia kuelekea kushoto. Wekeni alama ya nyota pale mstari unapoanzia. Kugeuza b na d hadi miaka 6 au 7 ni kawaida, na wazazi waambiwe hivyo mapema.

Mstaafu_wa_Barani
Mimi nitawatetea wazazi kidogo. Madarasa mengi yanayojiita ya mtoto kuchagua ni mtoto kuachwa. Dalili ni hizi: vifaa vile vile kutoka Januari hadi Aprili, wavulana wanne wakubwa wamemiliki mbao, wasichana wako kona ya nyumba kila siku, mwalimu ameketi na simu. Mzazi akiona hayo ana haki kulalamika.

Muundo wa HighScope ulioanzia Ypsilanti, Michigan, miaka ya 1960 una sehemu tatu: kupanga, kufanya, kukumbuka. Walimu hushika ya katikati tu. Kupanga ni dakika 5 hadi 10: kila mtoto ana ganda la kombe lenye alama yake, analiweka kona anayotaka na kusema atafanya nini. Watoto 28 wanahitaji nafasi 36 au zaidi. Zikiwa 28 kamili, anayetaka kuhama hana pa kwenda na ugomvi unaanza. Kufanya ni dakika 45, kukusanya 10. Kisha kukumbuka, vikundi vidogo, kila mmoja aeleze kama alifanya alichopanga. Ukikosa muda, punguza kufanya, usiguse kukumbuka. Humo ndimo lugha na fikra zinapokaa.

Badala ya daftari tupu, faili. Mchoro wa wiki ya 2 na wa wiki ya 10, picha ya alichojenga, na maandishi mafupi ya mwalimu: tarehe, kona, alichofanya, maneno yake mwenyewe. Si "ana bidii". Andika "Alipanga vifuu 6 kutoka kikubwa hadi kidogo, akasema: hiki hakina mwenzake." Mzazi akisoma hivyo haulizi daftari.

Kuhusu neno "kucheza" sikubali lifichwe. Liite mchezo, kisha onyesha kilichomo.

Mwalimu_Langoni
Shukran sana. Mawili tu. Saa gani wazazi watakuja? Na unga wa kuchezea, kwetu huwa tope kwa siku tatu.

Mkufunzi_Pwani
Alasiri, watoto wakiwa chuoni, mama wanapata nafasi. Akina baba wavuvi angalia mwezi kwanza, wakati wa maji mafu (yasipojaa wala kupwa sana) utawapata wengi zaidi. Ijumaa iache.

Unga: ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, mafuta vijiko 2, maji robo tatu ya kikombe ukiongeza kidogo kidogo, bizari ya manjano kwa rangi. Chumvi ndiyo inayozuia kuoza lakini ndiyo pia inayovuta unyevu wa hewa, kwa hiyo mkebe uwe na kifuniko kinachobana, na ukianza kunata ongeza ngano kiganja kimoja, si chumvi. Baada ya wiki utupe. Anayeumwa na ngano mpe udongo wa mfinyanzi.