Kufuatiliwa sote kwa simu: dawa iko kwa mafundi au kwenye siasa?

Hoja iliyo mezani: wataalamu wa kompyuta watupe programu zinazosimba mawasiliano, yaani kuyageuza fumbo asome mlengwa tu, siasa tuachane nayo.

Fundi simu, Ngamiani, Tanga: Naunga mkono. WhatsApp inasimba ujumbe mwanzo mpaka mwisho tangu 2016, na SMS ya kawaida haina kinga hiyo. Wengi wanajiangusha kwenye nakala ya soga inayopanda Google. Ingia mipangilio, sehemu ya soga, washa usimbaji wa nakala, chagua nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64. Uandike karatasini. Ukiupoteza pamoja na simu, hakuna wa kukurudishia soga zako.

Wakili, Chumbageni: Fundi, hapo umelinda maneno tu. Laini zetu zimefungwa kwenye alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Ukipiga, kampuni inabaki na namba uliyopiga, saa, dakika mlizoongea na mnara uliokushika. Rekodi ya mwezi mmoja inatosha kuonyesha unalala wapi, unaswali wapi, na usiku unampigia nani. Programu ipi itaficha mnara? Mtandao usipojua ulipo, simu yako haiiti. Ulaya makampuni yalilazimishwa kutunza rekodi za kila mtu kwa miezi 6 hadi 24. Aprili 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikalifuta agizo lile. Ni kesi iliyolifuta, dada na kaka zangu, si programu.

Mwalimu wa TEHAMA, Pongwe: Wakili, kesi inataka ushahidi, na ushahidi uko ndani ya mitambo. Edward Snowden, aliyefichua ufuatiliaji wa siri wa serikali ya Marekani, alikuwa mtu wa mitambo. Asingetoa nyaraka zile Juni 2013, Bunge la Marekani lingepata wapi nguvu ya kupitisha sheria ya 2015 iliyoizuia serikali kukusanya rekodi za simu za watu kwa jumla?

Fundi simu: Ndicho ninachosema!

Wakili: Lakini nyaraka peke yake hazikuzima mtambo hata mmoja. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Mbunge aulizwe: rekodi zetu zinakaa muda gani, na nani anaziona bila kibali cha hakimu?

Wakala wa laini, Makorora: Wakati mnasubiri mbunge, pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yenu. Kuna mawakala wanaomwambia mteja "rudia kidole, haijasoma", kumbe wanasajili laini ya pili. Ikitumika kwa utapeli, rekodi inakutaja wewe. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho duka la kampuni husika, ifungwe.