Kikundi cha kujitolea: tuwe NGO au tubaki kikundi?

Mwanakikundi, Nzuguni
Habari wakuu. Tupo 18, tunapanda na kumwagilia miti kwenye shule za msingi hapa Dodoma. Michango inapita kwenye simu ya mhazini. Mfadhili anataka cheti na akaunti ya benki. Tusajili NGO?

Mtunza vitabu
Muulizeni kwanza anataka cheti gani. Wengine wanaridhika na cha kikundi. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama na barua ya mtendaji wa mtaa, mpeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Akaunti iwe na watia saini watatu. Hiyo ya simu iacheni leo hii: laini ikifungwa, hela imekwama, na kelele zinaanza.

Mama Kitalu
Naunga mkono. NGO chini ya Sheria Na. 24 ya 2002 ina taarifa ya shughuli na hesabu kila mwaka, pamoja na ada. Hata mwaka usio na ruzuku mnadaiwa hivyo vyote. Hapo ndipo mashirika mengi madogo yanakwama. Na usajili peke yake hauwapi msamaha wa kodi, huo ni wa TRA, mamlaka ya mapato.

Mwanakikundi, Nzuguni
Akishikilia NGO je?

Mtunza vitabu
Ombeni kwa Msajili wa NGO, ngazi ya wilaya inawatosha. Katiba iseme mali itakwenda wapi shirika likivunjwa. Anayeidhinisha malipo asiwe anayeyapokea. Kama mna kibubu cha kugawana faida, kitengeni kabisa: NGO haigawi faida kwa wanachama.