Kambi ya bahari likizo ya Juni: kutwa watoto wanafanya nini?

Mama Nuru
Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 11, tunakaa Tabata, bahari anaiona sikukuu tu pale Coco. Kapata tangazo la kambi ya matanga na elimu ya bahari huko Msasani, kang'ang'ania kweli. Kuogelea anajua kidogo. Hela nitajinyima, ila kwanza nijue: kutwa wanafanya nini, na usalama ukoje?

Damu ya Pwani
Mama Nuru, mpeleke. Mimi nimekulia kwenye ngalawa ya baba Kunduchi, na likizo nasaidia kufundisha watoto hawa.

Ratiba inapangwa na maji. Kukiwa na bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kutoka kuliko kawaida, maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo asubuhi ni ya kushuka mwambani. Kila wawili wanapewa fremu ya mabomba ya plastiki, nusu mita kila upande. Wanailaza chini, wanapiga magoti, wanahesabu kilichomo: majani ya bahari, viti vya pweza, jongoo bahari. Wanaandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki. Kuna binti aligoma kuinuka mpaka amalize fremu yake, maji yanajaa, yameshamfika kiunoni pale alipopiga magoti! Ikabidi nimshike mkono.

Mchana ni matanga. Wadogo hutumia Optimist, kidau cha mita 2.3 kilichobuniwa Marekani mwaka 1947 kwa ajili ya watoto. Kabla ya yote wanakipindua makusudi, wanakigeuza, wanapanda, wanafua maji. Asiyepita hapo haendi mbali na ufukwe. Juni ni kusi, upepo wa kutoka kusini, lakini rasi inaikinga ghuba, mawimbi si makubwa. Wakishajua kubisha, wakaona wenyewe kidau kinapanda upepo kwa kwenda mshazari, hawataki tena kutoka majini.

Inaniuma kuona mji uko pwani na watoto wetu wengi hawajui hata kwa nini maji yanakupwa.

Bin Mashaka
Mnunulie raba za kufunga, dada. Kandambili mwambani hazifai, kuna miiba. Wakipelekwa Mbudya au Bongoyo, mwambie kabisa asiokote makombe. Visiwa vile ni hifadhi tangu 1975.

Mama Nuru
Asanteni sana. Nimepiga simu, wanasema jaketi okozi wanazo za saizi moja tu, watoto "wanakaza mikanda".

Damu ya Pwani
Hapo usilipe bado. Nenda naye, mvalishe, funga mikanda yote, kisha livute juu mabegani. Likimpanda mpaka masikioni ni kubwa, majini litamvuka. Waulize pia boti ya uokoaji inakaa majini muda wote watoto wakiwa kwenye matanga, au inaegeshwa ufukweni. Wakishindwa kukujibu, tafuta kambi nyingine. Niandikie kule ndani, nitakuja nilikague hilo jaketi mwenyewe.