Pazia la vizibo vya soda halilali, nifanyeje?

Muulizaji, Tanga: Habari zenu wakuu. Nimejaza ndoo mbili za vizibo kutoka dukani kwa mama. Nataka pazia la ukutani lenye sura ya khanga: pindo jekundu, mji wa rangi ya chungwa. Natoboa kwa msumari, naunga kwa waya wa kufungia nondo, lakini linasimama kama bati! Na kutu imeshaanza.

Jibu: Hivyo vizibo ni chuma, mkuu. El Anatsui, msanii Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, hutumia vifuniko vya alumini vya chupa za pombe. Vinakunjika kwa mkono, vinaungwa kwa waya wa shaba, ndiyo maana vinaning'inia kama kitambaa.

Jibu: Usivitupe hivyo vyako, tafadhali. Msanii Cyrus Kabiru wa Nairobi anatengeneza miwani kwa vyuma chakavu, na ugumu wake ndio uzuri wenyewe. Paka vanishi tu, chumvi ya bahari haina huruma.

Muulizaji: Asanteni sana. Nimefumua waya wa shaba kwenye feni iliyoungua, matundu 4 kila kizibo, nafasi ya njiti ya kiberiti kati ya kizibo na kizibo. Mstari wa kwanza umelala! Mama kauona, anauliza jina la khanga litaandikwa nini.