Ukoo Columbus: mashimo kwa Babu

Jumatano, Mei

Dada Mwajuma 18:52: Assalaam aleikum wanandugu. Nyuma ya banda la Babu kuna mashimo mawili. Jumamosi saa nne asubuhi wote na makoleo, tufukie. Nani anakuja?

Dada Mwajuma 19:20: Watu kumi na mmoja mmesoma. Kimya.

Fatuma 19:31: Ni fuko?

Idi 19:34: Fuko haachi tundu wazi, huinua udongo tu kama mshipa chini ya nyasi. Mwajuma, pima mdomo wa shimo.

Dada Mwajuma 19:41: Inchi 11. Mbele pana lundo la udongo na vijiwe, karai zima. La pili liko kwenye majani marefu, halina udongo hata chembe. Na maharage ya Babu yamebaki vijiti.

Idi 19:44: Basi ni graundihogi, yule mnyama mnene wa huku Marekani anayechimba mashimo. Lenye lundo ndiyo lango. Hilo jingine amelitoboa kutokea ndani, la kukimbilia. Angalia chini ya ngazi, huenda lipo la tatu.

Juma 19:45: Si huyu anayefanana na pimbi? Tuwashe mkaa 😂

Fatuma 19:46: Mimi paja 😂😂

Juma 19:46: Ndimu ipo

Dada Mwajuma 19:50: Jamani! Banda linaning'inia, nyie mnapika!

Idi 19:58: Jumamosi msifukie. Huyu huzaa Aprili na Mei, na watoto huhama kwa mama yao mwanzoni mwa Julai. Ukiziba sasa, ama mama anachimba upya ubavuni mwa msingi, ama watoto wanafia chini ya banda. Fukieni kuanzia mwisho wa Julai hadi Septemba, kabla hajaingia usingizi wa baridi. Siku hiyo sokomeza gazeti mdomoni mwa kila shimo, ngoja siku tatu za jua. Likiwa halijasukumwa, jaza mawe na udongo, zika wavu juu yake.

Dada Mwajuma 20:01: Mpaka Julai tumtazame tu?

Idi 20:09: Msumbueni. Fyekeni majani yote yanayoficha mashimo. Mchanga wa choo cha paka uliolowa mkojo, wekeni ndani kidogo ya shimo moja, jingine liachwe wazi apate pa kutokea. Bustani izungushieni wavu wa waya, matundu yasizidi inchi 3, urefu futi 4. Chini, inchi 12 zilalie nje kama herufi L. Juu, inchi 15 msizifunge kwenye nguzo, ziinamie nje. Anapanda vizuri sana, ila waya ukitikisika anashuka.

Juma 20:12: Dukani kuna vile vibomu vya moshi, unatupia ndani unaziba

Idi 20:13: Karibu na banda usithubutu. Vinawaka moto, na moshi wake ni kaboni monoksaidi. Unapenya mpaka ndani ya nyumba.

Fatuma 20:15: Wavu si upo? Lile roli la mchango.

Dada Mwajuma 20:16: Liko kwa Salum. Tangu mwaka ule.

Salum 22:48: Nilishasema sikulichukua. Niliachiwa.

Dada Mwajuma 22:49: Na nani?

Shangazi Mwanaisha 22:55: Tusianze.

Idi 23:02: Kabla ya kuchimba mtaro wa kuzika ile L ya wavu, mtu apige simu 811, waje kuweka alama za mabomba ya gesi na nyaya. Ni bure. Nani anapiga?

Alhamisi

Babu 05:48: Nimesoma yote. Shimo lenye wachanga halifukiwi kwangu. Na wavu, mimi ndiye nilimwambia Salum akae nao. Aulete Jumamosi. Maneno hayo yaishe.

Salum 05:50: Shikamoo Babu. Nitauleta.

Dada Mwajuma 07:14: Shikamoo Babu, nimekosa, unisamehe. Salum, saa ngapi? Na 811 nani amepiga?

Idi 12:30: Ukipigwa leo, Jumamosi hawatakuwa wamemaliza. Ile L msiizike, ilazeni juu ya nyasi, muipigilie vigingi kila baada ya futi moja. Nyasi zitaifunika zenyewe.

Shangazi Zuhura 21:37: Ndiyo naona sasa. Jumamosi hii?

Juma 21:40: 👍

Dada Mwajuma 21:41: Juma hiyo ni ya kuja au ya 811?