Cheti cha mawe SIYO cheti cha jambia! Nimeuziwa "jambia la Shah Jahan" na dalali kagoma kurudisha hela

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira kwelikweli, naomba asitokee mtu wa kuniambia nipotezee.

Naishi Muscat, wazee wangu ni wa Unguja, nyumbani tumekua tunaona majambia ukutani kwa hiyo silaha hizi si mgeni nazo, ila la Kihindi lenye vito sikuwahi kuwa nalo na nimelitamani miaka mingi. Mwezi wa tatu nikanunua moja kwa dalali wa vitu vya kale. Mpini wa jiwe la jedi (jade) la kijani kilichofifia, umejaa yakuti na zumaridi ndogo ndogo, ala ya mahameli nyekundu, na kwenye bapa kuna maandishi ya dhahabu yenye jina la Shah Jahan, yule mfalme wa Mughal aliyetawala India karne ya 17. Alinionyesha kwenye simu yake lile jambia la Shah Jahan lililouzwa kwenye mnada wa Christie's New York 2019 kwa zaidi ya dola milioni 3, eti angalia mpini unavyofanana. Nikatoa riali 1,150, nikapewa na cheti juu.

Hicho cheti ndo kilichonimaliza. Kinasema yakuti za asili, zumaridi za asili, dhahabu karibu safi kabisa. Na ni KWELI, sonara wangu kaangalia na lenzi kakubali, hamna kioo pale. Sasa jamani jiwe lina mamilioni ya miaka hata kama limechimbwa jana, linathibitisha nini kuhusu umri wa jambia? Jaipur huko India mpaka leo wapo mafundi wa kundan, ile kazi ya kusukumia dhahabu laini kuzunguka jiwe mpaka likamatwe bila kucha za chuma za kulishikilia, na wanaifanya vizuri mno, na ukienda kwao wenyewe wanakwambia hii mpya bei yake hii. Fundi hana kosa lolote. Mwizi ni huyu wa katikati anayechukua kazi mpya ya watu, anaichafua na asidi na udongo, halafu anakuwekea cheti cha mawe mezani na kukutamkia karne ya 17. Cheti chenyewe hakitaji chuma, hakitaji mpini, hakitaji mwaka, nimekisoma mara kumi!

Haya njooni kwenye jambia. Chini ya jina palikuwa na uchafu mweusi umeganda, nilidhani ni uzee tu, nikaloweka pamba kwenye mafuta nikasugua taratibu jioni nzima, zikatokea tarakimu ۱۱۰۱. Aliyekaa chuoni hata mwaka mmoja anasoma hapo, 1101. Mwaka 1101 wa Hijria unaangukia 1689 na 1690. Shah Jahan kashika ufalme 1628, mwanawe Aurangzeb kampindua 1658 akamfungia ngomeni Agra, na amefia humo humo 1666. Yaani mfalme ameandikiwa jambia jina lake zaidi ya miaka 20 yumo kaburini Taj Mahal! Nimempigia dalali ananijibu "labda fundi alikosea". Fundi wa ikulu ya Mughal akosee mwaka, kwa dhahabu, kwenye silaha ya mfalme aliyekwisha kufa na mwingine yuko kwenye kiti?

Nikaendelea kukagua. Kazi ya dhahabu juu ya chuma ya kizamani, kwanza chuma kinakwaruzwa mistari ya kupishana kama wavu ndipo waya wa dhahabu unagongewa juu ushike, kwa hiyo pale dhahabu ilipolika lazima ule wavu uuone. Hapa ilipobanduka chini ni laini kama kijiko. Yale mawimbi ya chuma ambayo watu wa silaha za Kihindi tunayapenda hadi roho, kwenye wootz halisi, kile chuma cha kale cha India, yamo ndani ya chuma chenyewe, ukisugua na msasa yanapotea na ukipaka asidi kidogo yanarudi. Nimesugua kipande kidogo karibu na mpini, yakapotea, na asidi haijarudisha kitu. Yalichorwa juu tu. Na pale kisu kinapoingia kwenye mpini, badala ya lakiri kuna gundi nyeupe nyeupe, nikamulika na tochi ya kukagulia noti ikang'aa bluu, yaani gundi ya kisasa.

Mahameli nimechoma uzi mmoja ukayeyuka kama plastiki, ila hilo sibishani nalo, ala huvishwa kitambaa kipya na hata mawe yaking'oka yanabadilishwa. Chuma na maandishi je?

Dalali mwenyewe alishasema kalitoa India miaka miwili iliyopita. India ina sheria ya mwaka 1972, kitu cha kale kilichozidi miaka 100 hakitoki bila kibali cha serikali. Nikamwambia nionyeshe kibali. Kimya. Ama kalitorosha ama ni jipya, na kwa vyovyote mimi ndo nimeshikishwa.

Msimamo wake sasa hivi: hela anarudisha nikileta maabara inayosema mawe ni feki. Anajua fika hakuna maabara itakayosema hivyo maana mawe ni ya kweli!! Ndiyo maana aliweka mawe ya kweli.

Picha za maandishi naweka hapo chini. Yeyote mwenye jambia lenye jina la Shah Jahan na 1101, au aliyetembezewa lenye mwaka huo, Dubai, Muscat, popote, aweke picha hapa tulinganishe mwandiko. Herufi ya mwisho ya "Jahan" kwenye langu imekosa nukta. Angalieni na la kwenu.