Pesa ya utafiti ya jeshi la Marekani: tuichukue au tuiache?

FUNDI WA DAYTON
Salaam wakuu. Nina jambo linaninyima usingizi. Tuko watatu, tuna kampuni ndogo hapa Ohio. Tumetengeneza kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati. Unakibandika kwenye pampu au injini, kinasikiliza beringi, ile pete ya gololi inayoshikilia mhimili uzunguke. Beringi ikianza kuchoka hutoa mlio ambao sikio la mtu haliupati. Chenyewe kinaudaka mapema, kabla haijafa. Sasa jeshi la anga linatafuta kitu cha namna hii kupitia lile fungu la kampuni ndogo, la sheria aliyosaini Reagan mwaka 1982. Taasisi kubwa za serikali zinalazimika kutenga kama asilimia 3 ya bajeti yao ya utafiti unaofanywa na watu wa nje kwa kampuni zisizozidi watu 500. Hawachukui hisa, hawadai riba, na mwenye green card anaruhusiwa kuwa mmiliki. Mwenzangu mmoja kagoma, anasema pesa ya jeshi ni pesa ya jeshi. Mimi naona ndiyo nafasi ya kufanya kazi ya akili, tuachane na kubeba maboksi na kuosha wazee. Mnasemaje?

MAMA NEEMA
Umeuliza habari za jeshi, mimi nitakujibu habari za wazee. Miaka 11 nahudumia wazee Columbus. Kumgeuza mtu wa kilo 90 kitandani saa nane za usiku, uko peke yako, ngozi yake nyepesi kama karatasi, na asichubuke, hiyo ni kazi ya akili. Nimesomesha wadogo zangu wanne kwa kazi hiyo. Itaje kwa adabu.

KIJANA WA MACHAKOS
Pole Mama. Turudi kwenye mada. Mimi ningechukua hata leo. Kila kitu kizuri kilipitia huko. Ile Roomba inayofagia nyumba ilikuwa roboti ya kutegua mabomu, iRobot wakaigeuza tu.

MWALIMU WA KILWA
Hapana, mdogo wangu. Hizo ni mashine mbili. Ya mabomu ni PackBot, ilikuzwa kwa pesa za DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, ikapelekwa Afghanistan mwaka 2002. Roomba iliingia madukani mwaka huohuo. Kilichohama ni ujuzi wa kuzunguka eneo zima bila ramani, ambao iRobot waliupata kwenye kazi ya kutafuta mabomu ya ardhini. Lakini ujuzi wa kutengeneza kitu kwa bei ya raia waliupata kwa Hasbro, kampuni ya vitu vya kuchezea, kwa kutengeneza mwanasesere. Tusilipe jeshi sifa yote.

DEREVA WA I-70
Nimesubiri nipoe, sijapoa. Mbeba boksi ndiye mimi. Lori ni langu, kila robo mwaka naketi kwenye kiti cha dereva na simu mkononi nalipa kodi. Hilo fungu unalolililia linatoka humo. Halafu ziko kampuni zinaishi kwa kuandika maombi ya ruzuku tu, zimepokea ruzuku zaidi ya mia na soko hazilijui. Yuko seneta mmoja mama, wa Iowa kama sikosei, analipigia kelele jambo hili. Sasa nani anafanya kazi hapa, mimi au wao?

FUNDI WA DAYTON
Ni Joni Ernst, na mwaka 2025 alipeleka muswada kwamba kampuni moja isipokee zaidi ya dola milioni 75 za fungu hili maisha yake yote. Namuunga mkono. Sisi hatujapokea hata senti, usituweke kapu moja na hao. Na kuhusu maboksi, jamani, mimi mwenyewe nimebeba ghalani miaka minne, usiku kucha. Najua ninachosema.

MAMA NEEMA
Hapo umetueleza historia yako. Radhi hujaomba.

MTU WA BUJA
Ndugu zangu, mnagombana juu ya boksi, mimi niwaambie hiyo pesa inafikia wapi. Kaka yangu alikuwa Mogadishu na kikosi cha Burundi. Mwaka 2011 Marekani ilitangaza msaada kwa Uganda na Burundi, ndani yake droni nne aina ya Raven. Ni kindege cha kama kilo mbili, askari anakirusha kwa mkono kama mkuki, anaona nyuma ya ukuta kuna nani. Wale vijana walikuwa wanaingia uchochoroni bila kujua kinachowangoja. Kaka anasema kingekuja mapema tungezika wachache. Waliokitengeneza ni AeroVironment, kampuni iliyoanza ndogo tu. Chukueni pesa.

MWALIMU WA KILWA
Nakupa pole kwa mliowazika, na sitabishana na kaka yako. Ila malizia habari ya kampuni hiyo. Aliyeianzisha, Paul MacCready, ndiye yule ambaye ndege yake ya kukanyaga kwa miguu kama baiskeli ilivuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa mwaka 1979. Baada ya hiyo ikaja droni ya kuchungulia. Leo kampuni hiyohiyo inauza Switchblade, droni inayomfuata mtu na kujilipua. Hapakuwa na siku moja waliyoitwa kikao waamue kuua. Walikuwa wanajibu tangazo la jeshi linalofuata, kisha linalofuata. Hicho ndicho mwenzake Fundi anachokiogopa, nami nakiogopa.

KIJANA WA MACHAKOS
Lakini beringi haiui mtu, Mwalimu!

MWALIMU WA KILWA
Na helikopta inayoruka kwa beringi hiyo?

MTU WA BUJA
Helikopta ndiyo inayochukua majeruhi pia. Wewe uko Kilwa, umekaa barazani.

MWALIMU WA KILWA
Niko Kilwa, ndiyo. Hilo halinizuii kufikiri.

DADA WA HUNTSVILLE
Mnagombana kama vile pesa imeshatoka. Nimeandika maombi haya ya ruzuku miaka saba. Kwanza fungu ni asilimia 3.2. Awamu ya kwanza ni miezi kama sita, ya kuthibitisha wazo. Ya pili ni kama miaka miwili, ya kujenga. Katikati kuna kiangazi: ripoti umepeleka, jibu halijaja, na mishahara haisubiri. Kampuni niliyokuwa nayo iliachisha watu watano wakingoja barua, na barua ilipokuja wawili walikuwa wameshaajiriwa kwingine. Awamu ya tatu haina fungu kabisa, hapo ama jeshi linanunua, ama unauza kwa raia, ama unafunga. Na sheria yenyewe ina tarehe ya kuisha, lazima irefushwe: mwaka 2022 Biden aliirefusha tarehe 30 Septemba, siku ileile iliyokuwa inaisha. Fundi, kinachokulinda ni haki ya data. Kwa miaka 20 serikali haitakiwi kumpa mshindani wako michoro yako. Basi kila ukurasa wa ripoti ubandike tangazo la haki hiyo. Nimeona mtu akisahau, na hakuipata tena.

DEREVA WA I-70
Dada asante, hapo nimeelewa. Fundi, nina swali nje ya ugomvi. Kila nikisimama nazunguka trela, naweka mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu nisikie joto. Baba yangu alifanya hivyo barabara ya Tunduma. Mwaka jana gurudumu moja lilinidanganya, lilikuwa baridi kituoni, maili 60 mbele likashika moto. Hicho kifungo chako kinaweza kukaa pale, kwenye matope na ile chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi?

FUNDI WA DAYTON
Kinaweza. Tumekilaza kwenye friza wiki nzima, kikatoka kinafanya kazi. Chumvi hatujakijaribia, na trela hatuna. Ukipita Dayton nijulishe, tubandike viwili, kimoja kila upande, ukirudi tusome. Sikuwahi kufikiria malori, naona aibu kusema.

KIJANA WA MACHAKOS
Kumbe jeshi la nini sasa?

DADA WA HUNTSVILLE
Malori hayalipi mishahara ya miezi sita ya majaribio, kaka. Aombe, huku akijaribu.

MAMA NEEMA
Dereva kajibiwa vizuri, na aibu kaonewa. Mimi bado nangoja.